Farasi wa Mkokoteni

Zamaradi alipoingia uwanjani kwenye mashindano ya farasi kutembea kwa madaha, watu waliangua kicheko. Farasi wake alikuwa mfupi, mwenye miguu minene, wa kuvuta mikokoteni.

"Binti, ndiye huyu utakayempanda kushindana?" mwamuzi aliuliza.

"Ndiye, mzee. Baba alimfundisha miaka sita. Juzi tulimzika baba."

"Pole, mwanangu. Haya, anza."

Farasi akakata uwanja taratibu, akazunguka, akarudi kimshazari bila kukosea hata hatua moja, kisha akasimama tuli. Makofi yakarindima.

Mshindani mwingine alikuwa akingoja langoni, lakini Zamaradi alibaki juu ya tandiko, machozi yakimtiririka, kwa kuwa hapakuwa na wa kumshika mkono ashuke, kama baba yake alivyofanya siku zote.