Hii Sijakupaka Mimi

Namba kumi na moja yuko jukwaani anatunisha misuli, Jiwe ni kumi na mbili, na dada yake bado anampaka ile rangi ya kahawia ya kung'arisha misuli.

"Tulia bwana! Mwili kama ukuta, unarukaruka kama kifaranga!"

"Fanya haraka, dada. Kombe la mwaka huu langu."

Siku mbili hajagusa maji, ili ngozi inywee ishike misuli. Asubuhi alikojoa mkojo kama kahawa, akachekelea kabisa: mwili umekauka! Sindano za kujaza misuli za miezi minane zimejibu.

Dada akamshika kidevu. "Rangi imekuingia machoni."

Akalowesha kitambaa, akafuta. Akafuta tena. Kitambaa kikabaki cheupe, macho yakabaki ya njano.

"Hii sijakupaka mimi," akasema taratibu. "Mkojo wako ukoje?"

Jiwe akakumbuka asubuhi.

"Namba kumi na mbili!" Ukumbi ukalipuka kwa shangwe.

Dada akawahi mlangoni, akaziba njia.

"Ini hilo! Twende hospitali. Hutaki? Basi nisukume, si una nguvu wewe!"

Jiwe akamwekea mkono begani. Namba ikaitwa tena. Mkono haukusukuma.