Gawio Lililohesabiwa Mara Mbili

Fundi Kibwana aliinua macho kutoka kwenye kompyuta, akashusha sauti ili mgonjwa aliyekuwa chumbani asisikie.

"Mama, kosa nimeliona. Kila gawio la faida likitoka, mfuko wa uwekezaji unalitumia kuwanunulia vipande vipya vya umiliki. Programu yenu ya hesabu inaandika vipande hivyo, kisha inaliandika gawio lilelile tena kama fedha taslimu. Limehesabiwa mara mbili miaka yote."

"Basi rekebisha," alisema Mwanaidi.

Fundi akabonyeza. Jumla iliyotosha upasuaji wa moyo wa mumewe ikaporomoka. Mwanaidi aliitazama kama atazamaye uji ukimwagika jikoni, na unga umekwisha.

"Mke wangu!" Makame aliita kutoka kitandani. "Huyo fundi wako anaziba tundu au anatoboa jingine? Niletee nikione kitita changu. Tangu asubuhi sijakijulia hali."

Mwanaidi akamwinamia fundi. "Lirudishe kosa."

"Lakini mama, fedha hizo hazipo."

"Najua. Lirudishe."

Kibwana akalirudisha bila kumtazama usoni. Mwanaidi akaibeba kompyuta hadi chumbani, akaiweka mapajani pa mumewe. Makame akapangusa kioo kwa ncha ya shuka, akaisoma jumla kwa sauti, polepole, akivuta pumzi kila baada ya maneno mawili.

"Yatosha," alisema, akatabasamu. "Nipe simu niwaambie hospitali tunakuja."

Mwanaidi akaanza kuitafuta simu chini ya mto, kisha chini ya godoro, ilhali yenyewe ameifumbata ndani ya kanga.