Somo la Kurudi

Kwa miezi minne Mashimba aliwafundisha watoto kwenda. Kurudi hakuwafundisha.

Kila Jumamosi asubuhi, upepo wa nchi kavu ulisukuma kiboti cha tanga kutoka ufukwe wa Pasiansi hadi kwenye boya jekundu. Kisha Mashimba aliwasha boti ya injini, akakifuata na kukivuta hadi ufukweni.

"Baba mdogo, sisi ni mabaharia au mbuzi wa kuvutwa kamba?" Sharon alimuuliza siku moja. Alikuwa na miaka kumi na mmoja, na ulimi wa marehemu baba yake.

Mashimba alicheka, akaangalia pembeni.

Miaka saba nyuma, Antoni, baba wa Sharon, alitupwa majini na wimbi kutoka kwenye mtumbwi wao wa tanga. Mashimba alirejea peke yake. Msibani alimwambia mjane, Rebeka: "Shemeji, upepo ulikuwa umeshanipitisha pale alipoangukia. Tanga halirudi upepo unakotoka." Wazee wakatikisa vichwa kwa huzuni.  Rebeka alimmiminia chai.

Leo Rebeka alikuja kutazama somo. Mashimba alimkuta ameshafika, amekaa karibu na boti, ncha ya kitenge chake imefungwa fundo kama wafanyavyo akina mama waendao sokoni.

Sharon alipofika kwenye boya, Mashimba alivuta kamba ya injini. Ilivutika kirahisi mno. Akavuta tena, na tena. Injini haikukohoa hata mara moja. Wavuvi wote walikuwa mbali, na kiboti kilishaanza kulipita boya kuelekea ziwa kuu.

"Mtoto atarudije, shemeji?" Rebeka aliuliza taratibu.

 Mashimba angeweza kujibu kwamba tanga halirudi, kama alivyosema kwenye msiba wa Antoni. Kiboti kilizidi kuwa kidogo.

"Sharon!" alipaza sauti. "Kaza tanga! Usiukabili upepo usoni, uache ukupige shavuni! Haya, sasa geuka! Upande wa pili!"

Kiboti kiliyumba, kikashika njia. Kushoto, kisha kulia, kama mtu apandaye mlima wa Bugando kwa kuzunguka. Kila kona ilimsogeza mtoto nyumbani. Na kila kona, Mashimba aliuona tena mkono wa Antoni juu ya maji, nyuma yake, yeye mwenyewe akiwa ameshika usukani bila kugeuka.

Sharon aliruka kwenye maji ya magoti. "Mama, umeona? Kumbe tanga linarudi!"

Mashimba alipiga magoti mchangani. "Shemeji, siku ile niliogopa. Ningeweza..."

"Baba yangu alinifundisha kona hizo kule Ukerewe," Rebeka alisema, "nikiwa mdogo kuliko huyu."

Akafungua fundo la kitenge, akamwekea kiganjani plagi ya injini.