Mbuzi Iliyopanda Ndege

"Nilikuazima mbuzi yangu ukakunie nazi, hukuniambia inapanda ndege!"

Bi Talha kajifunga kanga kiunoni, na sie Mtoni nzima tumetoka kusikiliza. Jirani yake ndiyo kwanza anashuka kwenye teksi. Alikwenda China siku nne, kukagua kiwandani mashine ya kukuna nazi anayotaka kuileta sokoni.

"Kampeleka mbuzi China?" akauliza shoga mmoja. "Huko ndegeni kala nini?"

"Si mnyama, nyie! Kibao changu cha kukunia, cha marehemu mama. Siku nne nyumba yangu inakula wali mkavu!"

"Shikamoo, Bi Talha."

Shikamoo haikuitikiwa. Jirani akafungua begi.

"Ningewaonyeshaje Wachina bila mbuzi yako? Mashine yao inakuna mpaka kifuu, tui linatoka kahawia. Bosi wao akakikalia kibao na tai yake shingoni, akakuna, akaonja. Akasema mashine irudi kwa mafundi."

Akakitoa kibao, kimeviringishwa kwenye kanzu yake ya Idi.

Bi Talha akapitisha kidole kwenye meno ya chuma, moja moja. Meno yote yalikuwapo, na katikati ya mawili umenasa uzi mweupe wa nazi.

"Na wewe huko ulikula nini?"

"Tambi. Siku zote nne."

Bi Talha akakitua kibao chini, akakikalia, akanyoosha mkono apewe nazi.

"Marahaba, mwanangu. Ingia ndani ule."