Dole la Siok-bi

Siok-bi alikuwa amebakiza watu watatu tu mbele yake kwenye foleni ya kura alipogundua kuwa ameusahau nyumbani muhuri wake wa jina, ule wa kugonga kwenye daftari la wapiga kura badala ya saini.

Wifi yake akamsogezea simu. "Hujaona kwenye kundi la mtaa? Bila muhuri unafukuzwa. Wenzetu wameshaanza kuondoka."

"Kaandika nani?"

"Mimi nitajuaje? Imesambazwa tu."

"Basi anifukuze mtu, si simu."

Akaingia. Karani akamfungulia kikopo cha wino mwekundu. "Dole gumba linatosha, bibi. Miaka yote linatosha."

Akalibonyeza daftarini, akapiga kura, wala hakulipangusa. Akatoka moja kwa moja hadi getini, ambako watu walikuwa wakirudi makwao, akaliinua juu dole lake jekundu.

"Nyie! Mnakwenda wapi? Hebu geukeni!"