Namba Chini ya Namba

Mkaguzi aliweka karatasi nyembamba juu ya namba ya chasisi, akaisugua kwa penseli taratibu. Namba ikajitokeza. Kisha chini yake ikajitokeza nyingine, hafifu, iliyokuwa imepigwa msasa.

"Gari hili la wizi," alisema. "Hukulikagua kabla ya kununua?"

 Siku ile ya kununua, Zuberi alikwenda na fundi kabisa. Lakini muuzaji aliwakaribisha ndani, mkewe akawatandikia mkeka, wakala wali kwenye sinia moja na wanawe. Fundi alipoinuka kwenda kufungua boneti, Zuberi ndiye aliyemvuta shati. Aliona haya kumkagua mtu huku mikono yao bado inanukia chakula chake.

"Tulikula kwake," alijibu.

"Mpigie simu."

"Hapatikani tangu juzi. Nilidhani yuko safarini."

Mkaguzi alimtazama, halafu akamwekea ile karatasi mkononi. "Gari linabaki hapa. Mwambie mama ashuke."

Mke wa Zuberi alikuwa amekaa kiti cha mbele, akifuta vumbi kwenye dashibodi kwa ncha ya kanga. Ndala zake alikuwa amezipanga chini, kando ya mlango. Tangu gari lije, hakuna aliyeruhusiwa kupanda na viatu.

Alipomwona mumewe anakuja, alimfungulia mlango wa dereva kwa ndani.

"Wamemaliza? Vua viatu basi, Baba Siwema, twende."

Zuberi aliinama, karatasi ingali mkononi, akaanza kufungua kamba za viatu.