Jina Huwekwa Mwisho

Marehemu alikuwa amefika darasa la nane mashine ilipojizima. Wavinya akaiwasha tena, akangoja. Alikuwa amehifadhi hadi darasa la saba, kwa hiyo marehemu hakupoteza zaidi ya mwaka mmoja.

"Itafika mwisho kweli?" Nthiwa aliuliza.

"Itafika. Ni uzee tu."

Nthiwa alikuwa ametoka Mbumbuni asubuhi hiyo kuja kuchapisha programu ya mazishi ya ndugu yake. Mazishi ni kesho, na zilitakiwa nakala mia tatu. Hapa soko la Mukuyuni kazi hiyo ni ya Wavinya. Amewachapa wafu wengi hivi kwamba vidole vyake vinajua njia, na moyo siku hizi hauji kazini. Maneno ni yale yale. Kinachobadilika ni shule na kanisa. Jina na picha huviweka mwisho kabisa, tangu alipomfanya mzee mmoja azikwe kwa jina la marehemu wa wiki iliyotangulia. Kabla ya hapo kila mtu ni MAREHEMU.

Shida ilikuwa mashine. Tangu Jumapili alikuwa akimpigia fundi wake, Ben, na simu imezimwa. Hata Kasyoki, binti wa Wavinya wa darasa la pili, alikuwa ameuliza asubuhi Ben anakuja lini. Wavinya alimjibu kesho, kama alivyozoea kumjibu.

Ben ndiye aliyemletea mashine hiyo miaka tisa iliyopita, na kila akiifungua alisimulia upya habari za walioiunda, utadhani ni wajomba zake. Ndugu wawili waliokuwa wakitengeneza redio wakaunda kompyuta, wakatajirika. Kampuni ikanunuliwa, ikanunuliwa tena, hadi jina lake likang'olewa langoni. Hapo Ben alikuwa akigonga nembo iliyo mbele ya mashine.

"Lakini hii hawakung'oa," alikuwa akisema.

Ndiye pia aliyemfundisha kuhifadhi kila baada ya mistari miwili. Wavinya alicheka, maana yeye alijua kuhifadhi mbaazi zisiliwe na wadudu. Mulki wa duka la jirani akasema kwao mtoto huhifadhi Kurani. Ben akawaambia yote ni kazi moja, kuzuia kitu kisipotee.

"Mwili umehifadhiwa Kitui," Nthiwa alisema. "Andika tutautoa saa moja asubuhi."

Akaandika. Akahifadhi.

Marehemu alioa kanisani, akafanya kazi mjini Mwingi, akagongwa na lori kwenye barabara ya Garissa. Nthiwa alitaka aandikwe mfanyabiashara, neno linalopendeza mazishini. Ameacha mjane, Nduku, na watoto wawili.

"Wawili?" Wavinya aliuliza. Hapo huuliza kila mara, kwa sababu ndipo familia hugombana. Mtoto asiyesomwa kwenye programu hana mchanga wa kutupa kaburini, na baadaye hana shamba.

"Wawili. Hakuna wengine."

Akaandika wawili. Nthiwa akampa flashi yenye picha. Picha ikafunguka polepole kutoka juu: nywele, paji la uso, macho.

Wavinya akaitazama mpaka ikafika kwenye kola ya shati.

"Imekwama?"

"Haijakwama. Nipe jina."

"Benedict Nzuki."

Aliliandika bila kukosea herufi. Akabadilisha MAREHEMU kwa mara moja, mahali kumi na nne. Akamwomba Nthiwa amletee karatasi kutoka kwa Mulki.

Nthiwa alipotoka, Wavinya akarudi nyuma hadi penye watoto wawili. Akafuta, akaandika watatu, akaongeza jina la Kasyoki, akahifadhi.